Mistari na alama kwenye grafu: somo kutoka Likuyani

Leo sitazungumzia simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Nataka tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu hukibofya mara moja na kukisahau: mtindo wa mistari na alama kwenye grafu. Yaani mstari uwe mzima au wa vipande, mnene au mwembamba, na vile vituo vyake viwe duara, mraba au pembetatu.

Najua kuna atakayesema, "Ah, hayo ni mapambo tu, kazi ni data." Mimi nasema si mapambo. Na kwa kuwa maneno matupu hayavunji mfupa, nitawaeleza kwa kutumia mahindi.

Kwa wasiopajua, Likuyani iko kaskazini mwa kaunti ya Kakamega, pale tunapopakana na Uasin Gishu na Trans Nzoia. Ukisikia Kakamega usifikirie miwa na ule msitu peke yake. Huku juu ni mahindi. Mengi ya mashamba haya yalikuwa ya walowezi Wazungu kabla ya uhuru wa 1963, kisha yakagawanywa vipande kwa wananchi. Tuna msimu mmoja mkubwa: tunapanda mvua zinapoanza, Machi au Aprili, na tunavuna kuanzia Oktoba hadi Desemba. Wakati wa kuvuna kila mtu ana mahindi, kwa hiyo bei iko chini. Ikifika Mei na Juni maghala mengi yamebaki na panya tu, na bei hupanda. Lakini kabla ya Mei kuna Januari, na Januari kuna karo.

Ndiyo maana kila mwaka swali ni lile lile. Niuze sasa au ningoje? Na nikiuza, niuzie hapa Matunda, nipeleke Moi's Bridge, au tukodi gari pamoja hadi Kitale? Ukikosea jibu, mtoto anakaa nyumbani wiki tatu wenzake wakisoma. Si mchezo.

Kikundi cha wakulima ambacho watu wa nyumbani kwetu ni wanachama kina hazina moja ambayo mashirika mengi yangelipia kuipata: daftari. Mweka hazina wetu, mama mmoja mwenye mwandiko wa ubaoni, ameandika bei ya gunia la kilo 90 wiki baada ya wiki, katika masoko matatu. Hakutumwa na mtu. Kama hakwenda mwenyewe, alimpigia simu mtu anayemwamini aliyekuwa sokoni. Kama hakupata habari, aliacha mstari mtupu. Kumbukeni hiyo mistari mitupu, tutairudia.

Basi mwaka mmoja mradi fulani (sitautaja jina) uliomba data ya daftari lile, ukarudi na karatasi nzuri ya rangi yenye grafu. Nyekundu, kijani na buluu. Mistari imepindapinda vizuri kama barabara ya Nandi Hills. Miezi ya mbele ambayo bado haijafika ilichorwa kwa vipande, kuonyesha makadirio. Karatasi ilikuwa moja. Wanachama walikuwa wengi. Mtu akaipeleka saiba, ikapigwa fotokopi nyeusi, na watu wakaenda mkutanoni kila mmoja na nakala yake mkononi.

Pale ndipo mambo yalipoharibika. Mzee mmoja alisimama akasema mstari wa juu ni wa Matunda, kwa hiyo hakuna haja ya kupoteza pesa ya gari, tungoje hapa hapa nyumbani. Mwingine akasema hapana, wa juu ni wa Kitale, na ukitoa nauli ya gunia na malipo ya kupakia, faida yote imeishia barabarani. Wote wawili walikuwa na karatasi ile ile. Wote wawili walikuwa wanaangalia mstari ule ule wa kijivu.

Kwa nini nyekundu na kijani zikawa ndugu

Hapa kuna hesabu kidogo, msikimbie. Kompyuta inapogeuza rangi kuwa kijivu, kanuni moja inayotumika sana ni hii: chukua kiasi cha nyekundu uzidishe kwa 0.299, kijani kwa 0.587, buluu kwa 0.114, kisha ujumlishe. Jibu ni kati ya 0 (nyeusi kabisa) na 255 (nyeupe kabisa).

Sasa chukua nyekundu tunayoiandika `red` kwenye kurasa za wavuti. Ni 255, 0, 0. Jibu lake ni 76. Chukua kijani tunachokiandika `green`. Ni 0, 128, 0. Jibu lake ni 75. Yaani rangi mbili ambazo kwenye skrini yako hazifanani hata chembe, kwenye karatasi ya kijivu zimetofautiana kwa hatua 1 kati ya 255. Hata macho ya mwewe hayaoni tofauti hiyo, seuze mzee aliyeacha miwani nyumbani.

Na si fotokopi pekee. Wako watu ambao macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani tangu kuzaliwa. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni karibu mmoja kati ya 12, na kila jamii ina watu wake wa namna hiyo. Wengi wao hawajui, kwa sababu hawajawahi kuazima macho ya jirani.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni rahisi: rangi iwe mgeni, isiwe mwenye nyumba. Ikiwepo ni vizuri. Ikiondoka, grafu ibaki imesimama.

Mistari na alama zina kazi mbili tofauti

Nilipoombwa kuichora upya ile grafu, nilikaa na mweka hazina kwenye meza yake, daftari katikati. Nilikuwa na kompyuta, yeye alikuwa na chai. Kabla ya kufungua programu yoyote nilitaka kujua watu watauliza nini wakiwa na karatasi mkononi. Tukaona maswali ni mawili tu. La kwanza: huyu ni nani? Yaani hii ni bei ya soko gani? La pili: tunajuaje? Yaani bei hii mtu aliiona kwa macho, au kuna mtu anakisia?

Basi tukagawa kazi. Alama ijibu swali la "nani". Mstari ujibu swali la "tunajuaje".

Tuanze na mstari. Grafu ya mistari si kitu kipya. William Playfair alichapisha za kwake Uingereza mwaka 1786, zikionyesha biashara ya kuingiza na kuuza bidhaa nje mwaka hadi mwaka. Zaidi ya miaka 200 imepita na bado tunasahau jambo moja: mstari ni dai. Ukiwa na bei ya Jumatatu hii na bei ya Jumatatu ijayo, una vitu viwili ulivyoviona. Mstari kati yake hukuuona. Unasema tu, "naamini bei ilipita hapa njiani." Mara nyingi ni dai zuri. Lakini ni dai, na mtindo wa mstari ndio sauti unayolisemea.

Kwa vile ile karatasi ya kwanza ilikuwa imeshawafundisha watu kwamba mstari wa vipande ni makadirio, sikutaka kuibadilisha lugha hiyo. Maripoti mengi ya takwimu hufanya hivyo hivyo. Kwa hiyo niliiweka kando mistari ya vipande kabisa. Masoko yote matatu yakapata mstari mzima, kwa sababu yote matatu yalipimwa kwa njia moja. Vitabu vingi vya programu vitakuambia ukiwa na karatasi nyeusi mpe kila mmoja mtindo wake: huyu mzima, huyu wa vipande, huyu wa nukta. Si vibaya. Lakini kwenye mkutano ambapo vipande vina maana ya "tunabahatisha", ungekuwa umewaambia watu kwamba bei ya Moi's Bridge ni ya kubahatisha. Mama wa watu alipanda boda boda kwenye matope kuitafuta!

Kulikuwa pia na mstari wa nne: bei ambayo serikali hutangaza kununulia mahindi kupitia Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB. Bei hii haipandi taratibu kama ya soko. Hutangazwa siku moja, ikakaa hapo hapo, mpaka siku itakapotangazwa nyingine. Ukiunganisha matangazo mawili kwa mstari wa mshazari unasema uongo, kana kwamba bodi ilikuwa inaongeza shilingi kidogo kila asubuhi. Mstari wake wa haki ni wa ngazi: lala, panda, lala. Nyingi ya programu nitakazozitaja zinaweza kuchora ngazi, ila watu wachache huuliza.

Na ile mistari iliyopindapinda vizuri? Hiyo ndiyo iliyoniudhi kuliko rangi. Chukua mfano wa kubuni: wiki nne, bei 3,000, 3,000, 4,000, 4,000. Iambie programu ilainishe mstari. Ili kona iwe laini, mstari utashuka chini ya 3,000 kabla ya kupanda, kisha utapita juu ya 4,000 kabla ya kutulia. Umepata bei ambayo hakuna dalali aliyewahi kuilipa tangu dunia iumbwe. Na mkulima akiweka kidole kwenye kile kilele na kusema "nitangoja ifike hapa tena", anangoja kitu kilichozaliwa na kitufe. Kwa bei za soko, zima kabisa ulainishaji.

Alama zenye majina

Sasa alama. Kwenye R, ile programu huria ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko New Zealand, kuna alama zenye namba kuanzia 0 hadi 25. Gnuplot nayo ina orodha yake. Ukiona wingi huo unaweza kupata tamaa. Jizuie.

Tulijaribu alama moja moja na mweka hazina. Nilipomwonyesha ile ya X, aliikataa papo hapo.

"Kijana wetu, hii wataniuliza ni wiki gani nilikosa."

Alikuwa na haki. Mtu yeyote aliyepita shule zetu anajua X nyekundu ina maana gani kwenye daftari. Alama ya kujumlisha nayo ikaondoka, kwa sababu ikipigwa fotokopi mara mbili tatu huwezi kuitenga na X.

Tukabaki na duara lililojazwa, mraba mtupu na pembetatu tupu. Kisha yeye mwenyewe akazipa majina bila kuombwa: duara ni sufuria, mraba ni dirisha, pembetatu ni paa. Mimi nilicheka, lakini baadaye niliona ni jambo kubwa. Grafu kwenye skrini husomwa na mtu mmoja kimyakimya. Grafu mkutanoni husomwa kwa sauti, na mtu aliye nyuma anamsikia aliye mbele. "Angalieni mstari wa madirisha" ni sentensi ambayo hata asiyesoma herufi anaifuata. Alama ambayo huwezi kuitaja kwa mdomo, usiitumie kwenye karatasi ya kikundi.

Kwa nini moja imejazwa na mbili ni tupu? Kwa sababu duara lililojazwa na mraba uliojazwa, zikiwa ndogo na wino ukisambaa, zote huwa mbegu za maharagwe. Duara tupu nalo ni alama nzuri sana. Mtaalamu wa takwimu William Cleveland, aliyeandika kitabu kizima kuhusu kuchora data mwaka 1985, alilipenda kwa sababu maduara mawili yakipandiana hayazai duara jingine, kwa hiyo jicho bado linaona ni mawili. Matunda, soko la nyumbani, lilipata sufuria iliyojazwa na mstari mnene, maana huko ndiko wengi huuzia. Mengine mawili yakapata mistari myembamba zaidi.

Na alama ina ushahidi ndani yake. Kila sufuria, kila dirisha, kila paa ni wiki moja ambayo mtu aliona bei. Ndiyo maana sikutumia ule ujanja wa kuchora alama moja kila baada ya wiki nne ili grafu isijae. Ujanja huo upo na una mahali pake: kwenye Gnuplot unaitwa `pointinterval`, kwenye Matplotlib `markevery`. Lakini ukishawaambia watu kwamba alama ni wiki iliyopimwa, huwezi tena kuficha baadhi. Badala yake nilipunguza muda: karatasi moja, msimu mmoja, kuanzia Oktoba hadi Julai. Msimu mwingine, karatasi nyingine.

Mahali ambapo mstari unakatika

Sasa turudi kwenye ile mistari mitupu ya daftari. Kulikuwa na wiki za mvua kubwa ambapo barabara haikupitika. Kulikuwa na kurasa za 2020, corona ilipoingia Kenya mwezi Machi, ambapo hakuna kitu kabisa kwa wiki kadhaa. Kulikuwa na wiki ambazo mama alikuwa na matanga.

Programu hukupa njia tatu za kushughulikia tundu kama hilo: acha pengo, jifanye ni sifuri, au unganisha juu kwa juu. Sifuri ni kichekesho, maana bei ya mahindi ingeanguka mpaka chini ya karatasi na kufufuka. Tatizo ni kuunganisha. Kunapendeza, na hakuna anayejua.

Nilipomwonyesha grafu yenye mapengo, mweka hazina alinyamaza kidogo.

"Lakini si utaunganisha? Hivi watasema sikuwa ninakwenda sokoni."

Hapo niliona kwamba sifanyi kazi ya michoro tena. Pengo lile lilikuwa jina la mtu. Miaka yote ameandika bila malipo, na sasa mimi na kompyuta yangu tunamwanika kwa wiki chache alizokosa. Ningeunganisha, angefurahi, na karatasi ingekuwa safi. Lakini moja ya mapengo yale ilikuwa katikati ya mwezi wa Mei, pale pale ambapo watu wangeangalia kuamua kungoja au kutongoja. Mstari mzima pale ungewaambia: tunajua. Na hatukujua.

Nikamwambia, "Mama, ukiunganisha, wiki ulizokwenda na wiki ambazo hukwenda zitafanana. Nani atajua ulikwenda?"

Alifikiri. Halafu akachukua kalamu, akaandika kwa mkono juu ya kila pengo: barabara. Corona. Matanga. Akanirudishia karatasi. "Weka hivyo." Nikaweka hivyo, kwa maneno yake.

Tuingie kazini

Kwa wanaopenda kujaribu, nilitumia Gnuplot. Ni programu ya zamani, ilianza 1986, lakini ni nyepesi, inakwenda hata kwenye kompyuta iliyochoka, na haihitaji intaneti. Kwanza andika `test` kisha ubonyeze Enter. Itakuchorea ukurasa wenye mitindo yote ya mistari na alama zote na namba zake. Chapisha ukurasa huo, ubandike ukutani.

Kila soko nililipa faili lake lenye tarehe na bei, zikitengwa kwa koma. Mahali penye pengo niliacha mstari mmoja mtupu ndani ya faili, kama daftari lilivyo. Gnuplot ikikuta mstari mtupu hukata mchoro hapo. Kisha:

```
set terminal pdfcairo size 29.7cm,21cm font "Sans,16"
set output "bei.pdf"
set datafile separator ","
set xdata time
set timefmt "%Y-%m-%d"
set format x "%d/%m"
unset key
plot "matunda.csv" using 1:2 with linespoints lw 4 pt 7 lc rgb "black", \
     "moisbridge.csv" using 1:2 with linespoints lw 2 pt 4 pi -1 lc rgb "black", \
     "kitale.csv" using 1:2 with linespoints lw 2 pt 8 pi -1 lc rgb "black", \
     "serikali.csv" using 1:2 with steps lw 2 lc rgb "gray40"
```

`lw` ni unene wa mstari. `pt` ni namba ya alama: 7 ni duara lililojazwa, 4 ni mraba mtupu, 8 ni pembetatu tupu. `pi -1` hufuta mstari nyuma ya alama ili dirisha lisipitiwe na waya katikati. `steps` ndiyo ngazi. Ukitaka vipande, tumia `dt 2`, ila uwe na Gnuplot 5 au ya baadaye. Neno `unset key` limeondoa ufunguo ule wa pembeni. Majina ya masoko niliyaandika mwishoni mwa kila mstari kwa amri ya `set label`, ili jicho lisisafiri kwenda na kurudi.

Wapenzi wa Python mtatumia Matplotlib, iliyoanzishwa na John Hunter na kutolewa mara ya kwanza 2003. Alikuwa mtafiti wa ubongo aliyetaka kuona data za wagonjwa wake wa kifafa. Alifariki 2012, na kazi yake bado inatulisha.

```
plt.plot(siku, matunda, color='black', linewidth=3, marker='o')
plt.plot(siku, mb, color='black', linewidth=1.5, marker='s', markerfacecolor='white')
plt.plot(siku, kitale, color='black', linewidth=1.5, marker='^', markerfacecolor='white')
plt.step(siku_bodi, bodi, where='post', color='0.4')
```

Kwenye wiki isiyo na bei weka `NaN`, na mstari utakatika wenyewe.

Kama hutaki kuandika amri, LibreOffice Calc inatosha kabisa, na ni bure. Bofya mara mbili juu ya grafu, kisha bofya kitufe cha kulia juu ya mstari wenyewe na ufungue mpangilio wa safu hiyo ya data. Kwenye kichupo cha mstari utakuta mtindo, rangi, unene na sehemu ya kuchagua alama. Kwenye kichupo cha machaguo utakuta swali la thamani zinazokosekana: chagua kuacha pengo. Ngazi na ulainishaji viko kwenye aina ya mstari. Excel nayo ina mengi ya mambo haya, ila haina aina ya mstari wa ngazi iliyo tayari. Chaguo la pengo limejificha kwenye dirisha la kuchagua data, chini ya seli zilizofichwa na seli tupu.

Ukimaliza, usiangalie skrini. Fanya jaribio la fotokopi ya tatu: chapisha, piga fotokopi, chukua fotokopi upige fotokopi, kisha ile ya pili uipige tena. Weka karatasi ya tatu mezani, urudi nyuma hatua mbili. Kama bado unaitambua sufuria, dirisha na paa, umefaulu.

Mkutano ulivyokwenda

Karatasi ilipogawiwa, hakuna aliyeuliza mstari upi ni wa soko gani. Mjadala ulikuwa juu ya mahindi. Watu walihesabu nauli ya Kitale kwa kuangalia nafasi kati ya mapaa na masufuria, wakaona kuna miezi ambapo nafasi ile inalipa gari na miezi ambapo hailipi. Lile pengo la Mei liliulizwa, na mweka hazina akasimama kueleza: mvua, daraja, boda boda ikarudi njiani. Walimpigia makofi. Sijui kama wengi wao walikuwa wamewahi kufikiria kwamba zile wiki nyingine zote kuna mtu alikwenda.

Kisha yule mzee wa mwaka uliotangulia akanigeukia. "Sasa kijana, malizia basi mstari. Tuonyeshe mpaka Juni."

Ilikuwa rahisi. Mstari mmoja wa amri, `dt 2`, vipande vichache vikipanda kuelekea kulia. Kila mtu pale alijua vipande ni makadirio. Lakini kila mtu pale alikuwa na karo ya kulipa, na mwenye shida husoma vipande kama mstari mzima.

"Mzee," nikamwambia, "mpaka hapa ni mama aliona. Kuanzia hapa hakuna aliyeona. Hiyo nafasi nyeupe ni yenu."

Hakufurahi sana, lakini aliketi. Waliamua kila nyumba iuze sehemu ya karo hapa Matunda Januari ile, na kinachobaki kikaushwe vizuri na kuwekwa ghalani kwa pamoja mpaka itakapopatikana mizigo ya kujaza gari moja. Uamuzi wenyewe ulikuwa wao. Kazi ya grafu ilikuwa kuonyesha kinachojulikana, na kukoma pale kinapokoma.

Basi, wapenzi wasomaji, siku ukifungua lahajedwali na programu ikakuletea rangi na mistari yake iliyojichagulia, isimamishe kidogo. Iulize maswali mawili: alama hii inamtaja nani, na mstari huu unajuaje? Faili zangu za mfano zenye namba za kubuni ni hizo amri nilizoandika hapo juu. Zinakilike, zibadilisheni, mchore bei ya viazi vya Nyandarua, samaki wa Ziwa Victoria au karafuu za Pemba. Na mkimaliza, mtafuteni mtu aliyepanda boda boda kuzileta hizo namba, mpeni karatasi ya kwanza.